Emmah na Kuni za Msituni

Aliyesema Emmah hajui kujivuna hakumwona alipokabidhiwa safari ya kambi.

Miaka ile mawakala walipokuwa wakipeleka wasichana wa Kenya Uarabuni kwa makundi, Emmah wa Kinangop alitua Jedda kufanya kazi za nyumbani kwa Madam Hissa, mtaa wa Al-Safa. Majira ya kuchipua ya mwaka wake wa tatu, madam aliamua kumpeleka mama yake mzazi wa Riyadh, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa, kwenye msitu wa milima ya Taif, mahali pasipo bomba, choo wala umeme. Mama Mkubwa alitaka mpishi wa kambi aajiriwe. Madam akakataa. "Emmah atapanga kila kitu," alisema.

Basi kichwa kikamvimba Emmah, na nani angemlaumu? Alipanga maji, mahema, mablanketi, hata ndoo ya choo. Gesi aliiacha, maana Mama Mkubwa alishasema chai ya kambini ni ya moto wa kuni, si ya mtungi. Akiharibu, atarudi kwenye ufagio wake na asiulizwe neno tena.

Josphat, dereva, Mkenya mwenzake, alikuwa akipakia gari. "Na kuni je? Nipitie sokoni?"

"Kwani tunaenda wapi, Josphat? Nani hubeba kuni akienda forest?"

"Sawa, supervisor," Josphat akacheka, akafunga buti.

Walipofika, Emmah nusura alie kwa furaha. Miti ilikuwa mitarakwa, ile ile ambayo kwao huchongwa nguzo za ua. Akafunga leso kiunoni kama mwenyeji, akainama kuokota tawi kavu.

"Mafi! Hakuna!" mlinzi wa msitu akamkemea. Huko hakuokotwi hata kijiti. Kuni hununuliwa mjini, na ukungu ulikuwa umeshafunika barabara.

Mama Mkubwa alikuwa mkekani, akingoja chai. Emmah aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angeweza kumsukumia Josphat lawama, lakini hakulelewa hivyo. Akapiga moyo konde, akasimama mbele ya kikongwe.

"Mama, kuni sikuleta. Kwetu msitu ndio ghala la kuni. Kosa ni langu. Lakini nikopeshe makaa yako ya udi."

Jungu kuu halikosi ukoko. Mama Mkubwa hakusafiri kamwe bila chetezo na mfuko wa makaa ya kufukizia. Akausukuma mfuko kwa mguu hadi kwa Emmah.

Emmah akapanga mafiga matatu, akayabana karibu karibu kama afanyavyo mama yake baridi ya Kinangop ikikaza, akafunika sufuria, akapuliza mpaka macho yakatoka machozi. Chai ikachemka. Makaa yaliyobaki yakatosha wali. Mama Mkubwa akanywa kikombe, akaomba cha pili, akausogeza mkeka wake karibu na moto. Hakusifu. Emmah hakuhitaji, alijiona mrefu kuliko mitarakwa yote ile.

Mwaka uliofuata, majira yale yale, simu ililia Al-Safa. Madam Hissa aliisikiliza, akaguna, akampelekea Emmah jikoni. "Mama yangu. Ananiambia mimi sijui kitu, anakutaka wewe."

"Emmah," sauti ya Riyadh ikasema, "tunapanga kambi. Nije na nini?"

Emmah akafuta mikono, akajinyoosha.

"Kuni, mama," akasema. "Mengine niachie mimi."