Sentimita za Kichwa cha Amoit

Niliondoka Moding kwa sababu kichwa cha mtoto wangu kilikuwa kimekataa kukua. Amoit alizaliwa na mifupa ya fuvu iliyoungana mapema mno, akapasuliwa ili ubongo upate nafasi. Tuliambiwa tumpime kichwa kila mwezi. Mimi ni fundi cherehani, futi sikosi, nikapima. Miezi minne mfululizo ikaniambia sentimita arobaini na sita. Kama mifupa ilikuwa imefungana tena, angepasuliwa tena, na ile mara ya kwanza ilibaki kidogo tu nirukwe na akili.

Saa mbili asubuhi, Malaba. Nilipita kwa wifi yangu Asekenye, anayeuza chai wanapopanga foleni madereva wa malori. Alinimiminia kikombe, sikukigusa.

"Wewe unaogopa bure," alisema. "Hii kichwa ni ya ndugu yangu. Yeye mwenyewe kofia yoyote inamshuka mpaka kwa macho."

Nilicheka kwa adabu tu. Daktari wa upasuaji huja hospitali ya Busia mara moja kwa mwezi na huondoka mchana.

Barabarani, baada ya Adungosi, kila mara gari liliporuka tuta nilikifunika kichwa cha Amoit kwa viganja vyote viwili. Yeye alikuwa amelala. Hata usingizi wake niliutilia shaka, nikamwamsha mara mbili, akalia.

Saa tano, Busia. Muuguzi, mama wa makamo, alisikiliza hesabu zangu kisha akanipa futi.

"Pima nione, mama."

Nikapima. Arobaini na nane. Juzi tu, nyumbani, ilikuwa arobaini na sita, na kichwa hakiongezeki hivyo kwa siku mbili.

"Na hivyo vidole zinafanya nini hapo ndani?"

"Ni za nafasi. Nguo tunapima hivyo, mtu asibanwe."

"Sasa kichwa unaishonea gauni?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi wa kwanza niliogopa kidonda, nikaacha vidole viwili chini ya futi kama kwa mteja. Kidonda kilivyokauka nikazidi kukaza huku kichwa kikikua, namba ikabaki ile ile, mpaka mwezi huu futi ikagusa ngozi. Leo, kwa hofu, vidole vikarudi vyenyewe. Muuguzi alikaza, akapata arobaini na sita. Faili ilisema alipotoka hospitalini alikuwa na arobaini na nne.

Daktari alipapasa fuvu, akamulika macho, akauliza kama anatapika, nikasema hapana.

"Inakua vizuri. Hatufungui. Mrudi baada ya miezi tatu."

Nililia mbele yao bila aibu. Nimejifunza kwamba mkono wenye hofu haupimi sawa, hata ukiwa wa fundi.

Saa kumi na moja jioni, Moding. Tangu upasuaji, mume wangu alikuwa akimbeba Amoit kwa kumshika mgongo na miguu tu, asikiguse kichwa. Nilimweleza yote. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo hapo mpaka chakula kikapoa.