Mtu wa Vijiti Kwenye Kituo cha Chai

Kazi yangu ni kuwauliza watu wanafanya nini, kisha kuwachora. Kwa kila kazi nachora duara, na pembeni ya duara namchora mtu wa vijiti, yule anayeifanya. Halafu naandika hatua: kwanza hiki, kisha kile, na mambo yakienda kombo, nani afanye nini. Wanaotengeneza programu za kompyuta huzichukua karatasi hizo na kuunda kitu kinachofuata hatua zilezile. Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mtu akinieleza kazi yake ikawa haina hata kokoto moja, kuna kitu ananificha.

Ndiyo maana senge nilimshuku papo hapo. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, na huyu ni dada mdogo wa baba, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, juu kidogo ya Silibwet. Kiwanda kilikuwa kimenipa kazi ya kueleza jinsi vituo vyake vinavyoendeshwa, ili mashine mpya za kupimia, zile za kuweka kidole, zijue la kufanya. Nilimkuta akifagia sakafu.

"Hapa hakuna mambo mingi," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu anakuja na majani, napima, anaenda."

"Na mvua ikinyesha lori ikwame?"

"Haikwamangi."

Lori halikwami! Kwenye barabara ile, ambayo hata mtu wa gambuti huikanyaga kwa kubahatisha. Nilimzungusha kwa maswali yote ninayoyajua, naye akanijibu kila moja kama anayesoma kitabu cha sheria za kiwanda. Makarani wa vituo vingine nao walinijibu vilevile, karibu neno kwa neno. Walikuwa wamepigiana simu, hilo sina shaka nalo. Walishaambizana kwamba huyo wa laptopu ametumwa kuwanasa.

Nilichora nilichoambiwa. Yakatoka maduara matatu na mtu mmoja wa vijiti. Weka kidole, pima, toa risiti. Kazi kama hiyo haimhitaji mtu. Kwa kuogopa kunaswa, walikuwa wamejieleza hadi hawaonekani tena, na senge alikuwa wa kwanza.

Hapo nikaanza kumshuku na meneja wa kiwanda. Alikuwa ananipigia simu kila mara kunikumbusha nisihangaike na vitu vidogo vidogo, niandike njia kuu basi. Mtu anayelipia kazi kisha anaomba iwe fupi, mimi huwa namtazama mara mbili.

Siku ya kupima majani nilirudi kituoni bila kutoa taarifa, nikasimama nyuma ya kibanda cha muuza mandazi. Najua si adabu. Kina mama wa kanisa walifika na magunia mgongoni, wakayatua mbele ya senge, na mmoja wao akataja namba ya shamba. Namba ile, kwa maneno yake mwenyewe, haikuwa yake wala ya mwenzake yeyote pale. Sheria inasema majani hupokewa kutoka kwa mwenye namba au mtu aliyeandikishwa naye. Senge aliuliza tu, "Mama anaendeleaje?" kisha akapima.

Nilijiambia, ahaa! Kumbe ni haya. Wanaoiba majani usiku kwenye mashamba ya watu hutumia njia hiyohiyo, namba ya mwingine. Nikajitokeza. Senge alinikata jicho ambalo sikuwahi kukatwa tangu utotoni.

"Kwa hivyo ulikuwa unanichungulia."

"Senge, ukinidanganya nitaandika uongo, na huo uongo hauhitaji karani. Watakutoa."

Alimaliza kupima kwanza. Kina mama walipoondoka akaniambia mwenye shamba amelazwa Bomet, na majani hayawezi kungoja apone, kwa hiyo kanisa linamchumia. Juzi alikuja mwanaume na hadithi hiyohiyo kuhusu boma lingine, naye senge akamrudisha na gunia lake. "Hiyo boma naijua," alisema. "Hakuna mgonjwa huko." Kisha akanishika mkono. "Sasa ukiandika hii, si wananifuta? Nikuamini?"

Nilisema ndiyo, na sikuwa na hakika.

Niliandika njia ya kando. Kwamba ikiwa aliyeleta majani si mwenye namba, karani ahakikishe analijua boma na shida yake, kisha apime. Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa na mtu ndani.

Kwenye kikao cha kupitia mchoro, kule Kericho, meneja aliweka kalamu juu ya sentensi hiyo.

"Anahakikisha namna gani?"

"Anawajua."

"Na mashine itajuaje?"

"Haitajua. Ndiyo maana karani yuko."

Alitabasamu, na tabasamu lile nililichukia hapo hapo. "Huu ni mlango wa wezi. Andika mashine inakataa, karani anamweleza mkulima. Makarani wote wanabaki, lazima mtu awe wa kueleza." Nilibisha mpaka sauti ikanipanda. Akaniuliza kwa upole kama nawataka makarani kwenye mchoro au siwataki. Nikaibadilisha sentensi.

Nilimpigia senge nikamwambia kazi yake iko. "Iko aje?" akauliza. Nikamsomea. Akasema, "Siku hiyo mashine inaanza, kuja."

Nilikwenda. Mashine ilikuwa imefungwa kando ya mzani, na senge amevaa ovaroli mpya ya kiwanda. Mgonjwa alikuwa amerudishwa nyumbani lakini bado hainuki kitandani. Kina mama wakaja na magunia yake. Wa kwanza akaweka kidole, mashine ikalia na kuwaka nyekundu. Akakifuta kidole kwenye leso, akajaribu tena. Nyekundu. Wote wakamgeukia senge.

Senge alitoka nyuma ya mzani na kunionyesha nafasi yake.

"Kueleza ni yako," aliniambia, "ni wewe uliandika." Kisha akawageukia. "Huyu ni mtoto wa brother yangu. Ametoka kwa hao watu wa mashine."

Nikasimama pale. Mama wa mbele alinisalimu, "Chamgei," akatua gunia miguuni pangu na kulifungua mdomo ili majani yasipate joto. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, wakajipanga, wakanitazama bila wasiwasi wowote. Walidhani nimekuja kuirekebisha mashine.