Kamba Iliyoteleza Mbale

Niliondoka Jinja kwa ajili ya binti yangu Zahara. Miaka mingi amekuwa nchi za mbali akitafiti jiometri, na sasa chuo kimoja cha Mbale kilitafuta mhadhiri. Angetoa mhadhara mbele ya wasaili. Akiwaridhisha, angerudi nyumbani. Mimi nimefundisha Kurani mtaani kwetu Nalufenya tangu ujana wangu. Jiometri siijui, lakini dua naijua, nikasema twende pamoja.

Baada ya sala ya alfajiri tukapanda basi. Kutoka Iganga hadi mashamba ya mpunga ya mto Mpologoma alinieleza kazi yake. Zungusha kamba kwenye kitu kilichopindapinda, alisema, kisha uikaze: itafika mahali haiwezi kufupika tena. Yeye alikuwa amethibitisha kwamba mahali hapo hapakosekani. Nikasema alhamdulillahi, ingawa nilielewa nusu.

Mbale tulipokewa na Profesa Nambozo, mkuu wa wasaili, mama mcheshi aliyenikalisha mstari wa mbele.

Katikati ya mhadhara, mama huyo huyo akainua mkono. Akauliza itakuwaje kitu chenyewe kikiwa na shingo kama ya chupa, inayozidi kuwa nyembamba bila mwisho.

"Binti yangu, kamba yako inateleza tu. Itasimama wapi?"

Zahara akaichora shingo hiyo ubaoni. Kisha akafuta nusu ya ubao.

"Haisimami," akasema. "Hoja yangu imevunjika hapo."

Nikajua kazi ameikosa. Lakini yeye alikuwa akitabasamu. "Na kamba ikizunguka shingo mbili kwa pamoja?"

Profesa akaacha kiti, akachukua chaki. Wenzake wakamfuata, wakabishana, wakapokonyana kifutio. Nikainuka niwasuluhishe.

"Kaa, Hajji," profesa akasema bila kugeuka. "Hapa hakuna ugomvi. Tunafurahi."

Jioni, tukila matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda Wagisu, profesa alitwambia nafasi ni ya Zahara. Kazi zake walikwisha kuzisoma. Walitaka kuona akikwama anafanya nini.

Kesho yake, njiani kurudi, nilishindwa kunyamaza kwa furaha. Nilizungumzia nyumba, mshahara, Idi tutakazokula pamoja. Zahara alikuwa akichora shingo mbili kwenye vumbi la dirisha. Nikamuuliza kama amemshukuru Mungu kwa kazi.

"Nimeshukuru, baba. Lakini kwanza nilishukuru kwa lile swali."

Sasa kila alfajiri namwombea riziki na afya kama zamani, kisha naongeza: Ee Mola, mpe swali jingine gumu.