Mzee Aliyeniozesha Hataki Kusema Alipimaje Maji ya Ghuba

(Msomaji huyu wa Mwanza ametuomba tufiche jina lake na la ofisi yake. Tumefanya hivyo. Msomeni kwa utulivu.)

Mhariri, na ninyi wasomaji wa ukurasa huu, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bukoba, nimeolewa hapa Mwanza na tunakaa Ilemela. Ni mtafiti wa maji ya ziwa. Haya nayaandika mume wangu akiwa kazini, maana hata yeye sijamweleza yote.

Kituoni kwetu kuna mzee mmoja, mtafiti mkubwa, ndiye aliyenipokea nilipotoka chuoni. Baba yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa, na siku ya harusi ni mzee huyu aliyenishika mkono akaniingiza kanisani. Namwita Baba. Kwa hiyo muelewe, ninayemsema si mtu baki.

Mwaka huu vituo vya utafiti vinavyozunguka ziwa, vya kwetu na vya Kenya na Uganda, vilikubaliana jambo jema. Takwimu zipo nyingi lakini zimelala makabatini. Mwenzako wa Kisumu anaweza kuhangaika kupima kitu ambacho wewe ulishakipima, kwa sababu hajui kama kipo. Ikaamuliwa kila takwimu iandikiwe maelezo ya namna moja: nani alipima, wapi, lini, kwa kifaa gani, na nani anazitunza. Maelezo hayo yaingie kwenye kompyuta, yanakiliwe kwenye disketi, kila kituo kipate, ili anayetafuta ajue pa kubisha hodi. Hapa kwetu kazi hiyo nilipewa mimi.

Wengi walinipa maelezo yao bila shida. Baba akawa ananikwepa. Leo ana mgeni, kesho kichwa kinamuuma. Na vipimo vyake vya ghuba moja ndivyo vinavyoulizwa kuliko vyote. Kwenye ghuba hiyo kuna kiwanda cha minofu ya sangara, kimoja kati ya hivi vilivyoota tangu biashara ilipofunguliwa. Wanakijiji, akiwemo mama mkwe wangu, wanalalamika kwamba tangu kiwanda kije maji yananuka na samaki wanaelea wamekufa. Wenye kiwanda wanajibu kuwa maji yale yalikuwa mabaya tangu zamani, na ushahidi wao ni vipimo vya Baba, ambavyo anasema alivichukua kabla kiwanda hakijajengwa.

Nikamfuata nyumbani kwake Mkolani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba binti yangu, karibu chai."

Nikamuuliza alipima lini. Akanitajia masika ya mwaka fulani. Nikauliza kifaa. Akasema ni ile mita yetu ya kupimia oksijeni kwenye maji.

Wasomaji, masika yale mita haikuwepo Mwanza. Iliharibika, na mimi mwenyewe, ndiyo kwanza nimeajiriwa, niliifunga kwa blanketi nikaipeleka stesheni, ikasafiri kwa treni kwenda Dar kutengenezwa. Ilirudi kiangazi. Nakumbuka kwa sababu niliogopa isije ikavunjikia mikononi mwangu. Na kituo hakikuwa na nyingine.

Nikasema taratibu, "Baba, mita si ilikuwa Dar?"

Akakoroga chai yake. Kisha akasema, "Basi niliazima."

"Kwa nani?"

"Binti yangu, umetumwa kuandika au kupeleleza? Hapo penye kifaa paache wazi."

Tangu siku ile sina amani. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Mhudumu wetu mmoja ameninong'oneza kwamba zimeenea habari kuwa nawauzia wazungu siri za ziwa letu. Nani amezieneza? Nikikutana na Baba kwenye ngazi, ananisalimia kwa ucheshi kuliko zamani, na ucheshi huo ndio unaonitisha zaidi.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu na mkewe baada ya ibada, wameleta mkungu wa ndizi. Akamsifia mume wangu, akacheza na watoto. Nilipowasindikiza, akamwacha mkewe atangulie, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu ana familia inayomtegemea pale kiwandani. Ukumbuke hilo." Mwanawe wa kwanza ni mnunuzi wa samaki wa kiwanda kile. Nilikuwa nalijua siku zote, ila sikuwahi kuliunganisha na vipimo.

Halafu najiuliza, labda namwonea. Labda aliazima kweli. Labda alitumia ile njia ya zamani ya chupa na dawa, na sasa amesahau. Lakini mtu aliyesahau husema nimesahau, hamkumbushi mwenzake familia ya mtu.

Mratibu wa mpango nilimuuliza kwa kuzungukazunguka. Akajibu, "Andika anachosema mwenye takwimu. Wewe si hakimu." Mume wangu naye, kwa yale machache niliyomwambia, aliniuliza swali moja tu: "Mama yangu anayachota maji yale kila asubuhi. Hilo unalijua?"

Na jana mkurugenzi ameniita. Kumbe Baba amemwomba kazi hii apewe mtu mwingine, kwamba mimi nimelemewa na watoto. Mkurugenzi amenipa hadi Ijumaa nimalize, la sivyo atampa Baba mwenyewe.

Nikiandika kwamba mita haikuwepo, namvua nguo hadharani, mbele ya nchi tatu, mzee aliyeniozesha. Nikiandika alivyosema, uongo, kama ni uongo, utasambaa kwa jina langu kila kituo cha ziwa hili. Nikiacha wazi, nimefanya alichoniagiza. Ninyi mlio mbali na jambo hili mnaona vizuri kuliko mimi. Ijumaa inakaribia, na kesho asubuhi nitamwamkia tena. Niambieni, niandike nini?