Kitambaa cha Kumi na Sita

Hakuna kero kama kukiri kosa mbele ya watu waliokwisha kuamua kwamba huwezi kukosea. Kero hiyo ilimpata Bi Mizani Jumatano asubuhi, boti ikiwa imeshapigwa msasa na fundi wa rangi anakoroga rangi yake.

Jina la Bi Mizani alipewa na wenzake wa karakana. Wengine hukadiria kwa macho dawa ya kugandisha rezini, ule utomvu wa kushikanishia nyuzi. Yeye huiweka kwenye mizani, gramu kwa gramu, na ukimsemesha wakati huo utajisemesha mwenyewe. Alianzia kwenye matangi ya maji ya faiba, akapandishwa kwenye boti za kawaida, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kwenye boti za mashindano: nyuzi za kaboni nje, povu gumu katikati, kaboni tena ndani. Bodi yake ni nyepesi mpaka mgeni hudhani anafanyiwa mzaha, lakini kwenye kasi ile, ambapo maji huwa magumu kama sakafu, inastahimili. Inastahimili mradi matabaka yameshikana. Yakiachana, ganda la nje linachunika na boti inapinduka na mtu wake.

Tabaka la nje likitandikwa, hufunikwa kwa kitambaa cha kubandua ili lisipate vumbi. Siku ya kulaza povu kitambaa hung'olewa, na uso unaobaki una mikwaruzo inayoshika gundi. Zamani walitumia chenye nyuzi nyekundu. Mwaka huu tajiri mwenye karakana aliagiza cheupe kitupu, ambacho kikilowa rezini hakionekani tena. Unaona weusi wa kaboni tu.

Wiki iliyotangulia, Bi Mizani alikuwa akibandua vitambaa vinane vya ubavu wa kushoto. Alikuwa ametoa saba, bado kimoja, tajiri akapita. Akaona hapo hapo ndipo pa kumpa vidonge vyake. Alimweleza nusu saa nzima kwamba kitambaa hiki cheupe iko siku mtu atakisahau ndani. Tajiri akaitikia ndiyo, ndiyo, akaenda zake. Bi Mizani akarudi kazini amevimba kwa hasira, akapaka gundi, akalaza povu. Kile kimoja kikabaki ndani.

Asubuhi hiyo ya Jumatano aliigonga bodi kwa sarafu, inchi kwa inchi, kama afanyavyo kwa kila boti. Kote ililia ti, ti, ti. Chini ya kiti cha dereva, ubavu wa kushoto, ikalia to. Matabaka hayakushikana pale. Akamwaga gunia la taka sakafuni, akahesabu vitambaa. Kumi na tano, na alikuwa ametandika kumi na sita, vinane kila ubavu. Akahesabu tena, kwa ukaidi tu.

"Nimeacha kitambaa ndani," alimwambia tajiri.

Tajiri akacheka. "Wewe? Ungeniambia mwingine ningeamini."

"Ni mimi. Nikwambieje sasa?"

"Umechoka, Bi Mizani. Kanywe chai. Kesho boti inajaribiwa."

"Sijachoka. Gonga hapa usikie."

Tajiri akagonga mara mbili, kwa adabu. "Mbona sawa tu?"

"Mtu anayepima gramu," fundi wa rangi akadakia, "asahau nguo nzima?"

Ndipo akaingia dereva, kofia ngumu kwapani. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye angekalia kiti kile. Bi Mizani alishukuru kumwona. Huyu angalau atanisikiliza, alijiambia.

"Ah, Dada, acha wasiwasi," mdogo wake akasema. "Kila boti huwa unasema hivyo."

"Sijawahi kusema hivyo hata siku moja."

"Basi huwa unafikiria."

Wakacheka wote watatu. Damu ikamchemka. Miaka kumi na tisa alikuwa amehangaika ili aaminiwe, na sasa alikuwa tayari kumkumbatia mjinga yeyote ambaye angemshuku.

Hakubishana tena. Akavaa barakoa, akachukua grenda ya kukatia, akaitia kwenye bodi.

"Umeingiwa na nini?" tajiri akapiga kelele, lakini vumbi jeusi lilikuwa limeshajaa hewani na hakuna aliyethubutu kusogea. Bi Mizani akakata mraba wa upana wa sahani, akaingiza bisibisi ukingoni. Ganda la nje lilipaswa kung'ang'ania povu. Lilinyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Kitambaa kilikuwa pale, akakivuta kwa vidole viwili na kikaja bila ubishi.

Tajiri akavua miwani. "Kesho hatuendi," alisema taratibu.

Mdogo wake akachuchumaa, akapitisha kiganja mle ndani.

"Kiti changu kiko hapa juu."

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akafuta vumbi kiganjani. "Na bado ningepanda, Dada. Si ni kazi ya mkono wako?"

Bi Mizani alikuwa na matusi tayari mdomoni. Badala ya kuyatoa akaketi kwenye vumbi, kitambaa mkononi, akalia kwa hasira mbele yao wote.