Tulivyofunga boite ya mkono kwenye gari ya otomatiki ya Muzee kwa ajili ya ndoa ya dada yangu

Wakuu, salamu kutoka Goma, mtaa wa Keshero.

Nimeona humu watu wanauliza kama gari ya otomatiki inaweza kugeuzwa iwe ya gia za mkono. Na kila mara anatokea mmoja anajibu: "Inawezekana, simple tu."

Mimi nimekaa ndani ya hiyo simple. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, siongezi chumvi. Kiswahili chetu cha Congo mtakivumilia.

Baba yangu, sisi wote nyumbani tunamwita Muzee, ni mtu wa Bukavu aliyehamia Goma kwa kazi ya ofisi. Sasa amestaafu. Ana gari moja ya Kijerumani, ya zamani sana, rangi ya krimu, viti vya ngozi. Aliinunua ikiwa tayari imezeeka, ikaendelea kuzeekea kwetu.

Halafu boite yake ikafa. Boite ndiyo gerboksi, kwa ninyi wa Dar na Nairobi. Unaweka D, mota, yaani injini, inalia, gari inakuangalia tu.

Ikabaki uani juu ya mawe ya volkano, kuku wakitaga chini yake. Muzee aliendelea kuiosha kila Jumamosi. Ukimuuliza anajibu, "Iko kwenye repos, inapumzika."

Sasa dada yangu Nadine akapata mchumba, kijana mmoja mpole anaitwa Patrice. Nadine ana kichwa kigumu cha Muzee, tofauti ni nywele tu.

Muzee akatangaza mezani: "Mutoto wangu ataenda kanisani ndani ya gari yangu."

Nadine akaweka kijiko chini. "Papa, ile hapana gari. Ile ni kiti ya kukalia inje."

"Basi utaenda bila baba."

"Basi nitaenda bila baba."

Wakuu, hawakusemeshana tena. Wiki zikapita. Mimi nikawa posta. Tuko meza moja, Muzee ananiambia, "Uliza dada yako kama sombe imebaki." Nadine ananiambia, "Jibu baba yako, imeisha." Sufuria ya hiyo sombe, yaani kisamvu, iko katikati yao.

Shangazi yetu Mama Furaha ndiye akaja kukata kesi. Akasema Nadine atapanda gari ya Muzee, kwa sharti moja: ifike kanisani kwa nguvu yake yenyewe. Hakuna kusukuma, wanaume watakuwa wamevaa suti.

Ndipo tukamtafuta fundi.

Fundi tuliyempata ana garaje njia ya kwenda Mugunga na anajiita Docteur. Alikuja na bisibisi ndefu, akaweka ncha moja kwenye mota na nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha akavua kofia, akamshika Muzee mkono.

"Papa, pole sana. Otomatiki ilishafariki."

Boite nyingine ya aina ile hapa kwetu huipati, na hali ya barabara na mipaka siku hizi mnaijua. Docteur akasema tusihangaike, ataweka ya mkono, ya pick-up ya Kijapani, anayo moja nzuri.

Nikamuuliza, "Docteur, boite ya Kijapani itaingia kweli kwenye mota ya Kijerumani?"

Akanicheka. "Kijana, boite zote ni ndugu. Ni kuzikutanisha tu."

(Hapa naomba niseme: mimi nilikuwa nimetazama video nyingi sana kwenye simu, kwa hiyo nilitingisha kichwa kama mtu anayejua. Msinicheke. Nanyi mnafanya hivyo.)

Kuzikutanisha kukaanza. Matundu ya boite na ya mota hayakulingana hata moja, Docteur akakata sahani ya chuma nene ya kuziunganisha. Ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ulikuwa mrefu mno, akaukata, akaushona kwa moto. Pedali ya breki ilikuwa pana kama mlango, akaipunguza ipatikane nafasi ya pedali ya klachi.

Majirani wakaleta viti. Kila aliyepita alikuwa injinia. Mwenye duka la mkaa alisema tunakosea. Katekista alisema tunakosea zaidi, ila kwa upole.

Siku ya kuwasha, gari ikakataa. Kimya kabisa. Docteur akasikiliza na bisibisi yake, akafumba macho, akafumbua. Kumbe kuna waya ambao hauruhusu mota iwake mpaka levye ya otomatiki, ile fimbo ya kubadilishia gia, iwe kwenye P. Levye yenyewe ilishatupwa. Gari ilikuwa bado inasubiri ruhusa ya boite marehemu! Nilijikuta nakumbuka ofisi fulani za hapa mjini, lakini tuendelee.

Docteur akaunganisha nyaya mbili. Mota ikanguruma. Muzee akatoa leso, akajifuta uso wote, akasema ni vumbi.

Tatizo kubwa tuliliona baadaye. Boite ya pick-up ni ndefu. Docteur alipoikatia tundu sakafuni, levye yake ilitokea nyuma kabisa, katikati ya migongo ya viti vya mbele, karibu na magoti ya mtu aliyekaa nyuma. Dereva hawezi kuifikia labda awe na mkono wa ziada.

"Hiyo ni kitu kidogo," Docteur akasema. Akachukua bomba, akalipinda kama shingo ya bata, akalishona juu ya levye mpaka likafika mbele. Juu yake akaweka mpira mweupe mzuri. Muzee akaushika, akatabasamu kama amepewa medali.

Kisha ikabaki mguu wa kushoto wa Muzee. Kwenye otomatiki mguu ule haukuwa na kazi yoyote. Tulimpeleka kufanya mazoezi, na kila akisimama gari inazima kwa kuruka kama mbuzi. Nikamwomba niendeshe mimi. Akajibu, "Wewe ndiye unayeoza binti?"

Siku ya ndoa ikafika. Nadine akatoka na gauni, kila mtu akapiga vigelegele. Akapanda nyuma katikati, shangazi pembeni yake anashika shela. Mimi mbele. Muzee kwenye usukani, suti nyeusi, kofia. Baba na binti bado hawasemeshani.

Tukatoka vizuri. Gia ya kwanza, tukapita majirani waliosema tunakosea, Muzee akawapungia mkono. Akavuta levye kuingiza ya pili.

Krak.

Muzee akabaki na shingo ya bata mkononi. Mpira mweupe juu, hewa chini.

Gari ikabaki kati ya gia na gia, inatereza polepole kuelekea rond-point, ule mzunguko wa barabara, nyuma yetu msafara mzima unapiga honi ukidhani ni furaha. Nikageuka kutafuta kipande kilichobaki. Kilikuwa kimesimama kwenye sakafu, kifupi, chenye grisi, mbele ya magoti ya Nadine. Nikajaribu kunyoosha mkono, mkanda ukanirudisha. Shangazi akaanza Salamu Maria.

Muzee akatazama kioo cha juu. Nadine naye akatazama kile kile kioo.

"Deuxième," Muzee akasema, yaani gia ya pili, maana kwetu gia zinahesabiwa kwa Kifaransa.

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia binti yake tangu siku ya kijiko.

Nadine akavua glovu moja. "Iko wapi?"

"Vuta kwako. Moja kwa moja."

"Kanyaga kwanza, Papa!"

Akakanyaga. Nadine akavuta. Gia ikaingia, laini kama siagi. Gari ikasonga mbele.

Kwenye rond-point askari wa barabara akatusimamisha. Akainama dirishani, akaona dereva ameshika fimbo isiyofungwa popote, akaona bibi-arusi ana grisi mpaka kwenye kiwiko. Akafikiri kidogo.

"Hapa nani anaendesha?"

"Sisi wawili," Muzee akajibu.

Askari akamgeukia Nadine. "Mama bibi-arusi, uko na permis ya kuendesha?"

"Niko na ndoa," Nadine akasema, "na padri anangoja. Papa, kanyaga. Naanza na première."

Askari akatupigia saluti. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

Kuanzia hapo wakaendelea hivyo. "Troisième." "Bado, Papa, kuna tuta." "Mimi ndiye naona barabara!" "Na mimi ndiye nashika boite!" Walikuwa wanagombana kwa sauti kubwa, wakuu, na mimi sikuhitaji kupeleka ujumbe wowote. Nilikaa tu kama abiria.

Tulifika. Kwa nguvu yake yenyewe, kama sharti lilivyosema. Nadine aliingia kanisani na glovu moja, mkono mwingine mweusi, na huo mweusi ndio aliomshikia baba yake. Suti ya Muzee bado ina alama.

Baada ya misa, ndugu wa Patrice walikuwa wameleta jeep nyeusi, mpya, hewa baridi ndani. Wakafungua mlango. Patrice alishaingiza mguu mmoja. Muzee alisimama kando ya gari yake.

Nadine akaipita jeep. Akafungua mlango wa nyuma wa gari yetu, akakunja gauni lote mkononi.

"Patrice, wewe panda mbele. Huku nyuma kuna kazi."

Patrice akatoa mguu kwenye jeep.

Jumatatu Docteur alikuja kushona levye upya. Muzee akamwambia aache kwanza, hakuna haraka. Haraka haijafika mpaka leo. Kila Jumapili Nadine anakuja kumchukua baba yake kwenda misa, anakaa nyuma katikati, na mtaa mzima unawasikia wakigombania gia. Docteur sasa anawaambia wateja kwamba huo ni mfumo wake mpya, chauffeur wawili, yaani madereva wawili kwa gari moja.

Nilichojifunza: kabla hujakubali wakate sakafu ya gari, kaa kwenye kiti, nyoosha mkono, uulize levye itatokea wapi. Usikubali jibu la "kitu kidogo."

Kama kuna aliyefunga boite ya mkono na levye ikatokea mahali ambapo mkono wa binadamu unafika, aje aeleze alifanyaje. Na wale wa "simple tu" pia karibuni, ila leteni picha. Na kama huna binti mkaidi, mkuu, baki na otomatiki yako.