Barabara Iliyopita Juu ya Paa la Bi Kidawa

Kuna watu wa kwetu Zinga ambao mpaka leo wakiniona sokoni huniita kwa mbali, "Zaituni, barabara yako imefika wapi?" kisha wanagongeana viganja na kucheka, na mimi nacheka nao, maana nitafanyaje. Juzi nilisimuliwa mkasa huu na abiria mwenzangu asiyejua kwamba mhusika ni mimi (akautia na polisi, wakati polisi hawakuwepo kabisa), basi nikaona bora niuseme mwenyewe, aibu iwe yote lakini iwe ya kweli.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu Bagamoyo mjini, na kazi inayonijulisha kwa watu ni vioo vyenye michirizi. Mtu akiniletea skrini yenye mistari sihangaiki. Nafungua menyu ya skrini yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza vitufe vya pembeni, nikiona mstari umeikata na menyu basi najua ugonjwa umo ndani ya kioo, na menyu ikitokea safi najua wa kulaumiwa ni waya au kompyuta. Kipimo cha dakika moja. Nalisema hili mapema mjue kwamba siku ile sikukosa ujuzi.

Kitongoji cha mama yangu kilikuwa kinapimwa ili watu wapate hati za viwanja vyao, na mpima, kijana mmoja mpole anaitwa Godlove, akaja kibandani kuniomba skrini kubwa. Alitaka kuwaonyesha wakazi ramani kwenye mkutano, kila mtu aone kiwanja chake kabla ya kutia sahihi. "Dada, iwe safi lakini," akaniambia, "watu wa mipaka hawa, hata upana wa kidole wanagombania." Nikamwambia asiwe na shaka, ninayo, na nitaileta mwenyewe na kuiendesha mwenyewe.

Siku moja kabla ya mkutano nikaiwasha kuijaribu. Nikaweka ukurasa mweupe, na pale pale nikauona: mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, umeshuka kutoka juu mpaka chini. Nikafungua menyu. Mstari ukaikata menyu katikati. Nikabonyeza fremu kwa dole gumba, ukapotea, nikaachia, ukarudi. Ule utepe mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo ulikuwa umeanza kuachia, na utepe ukianza kuachia hauna dawa ya kudumu, tena kioo kikipata joto mambo huzidi. Angekuwa mteja ningemwambia hapo hapo, kioo hiki kimekwisha.

Lakini mama alikuwa ameshatangaza. Kitongoji kizima kilijua kwamba mwanawe ndiye anayeleta mitambo, yule yule Zaituni waliyesema anapoteza muda kujifunza kazi za wanaume, na skrini nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kama sinia ya chai. Nikakunja kipande cha sponji, nikakisokomeza nyuma ya fremu, mstari ukaondoka, nikakaa kidogo kuutazama haukurudi, nikampigia Godlove simu. "Iko safi," nikamwambia. Basi. Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, asubuhi ya jua kali, bati juu halina dari, watu wamejaa mpaka madirishani. Mbele alikaa Mzee Shomari, mwenyekiti wa kitongoji, pembeni yake Godlove na laptopu yake, na kwenye safu ya kwanza ya akina mama alikuwepo mama yangu amevaa kanga mpya, na ubavuni kwake Bi Kidawa, jirani yetu, mjane, ambaye nilipokuwa mdogo nilikula kwake mara nyingi kuliko kwetu. Nikawasha. Ramani ikatokea, nyumba zote zinaonekana kama ukizitazama toka ndegeni, watu wakasema aaah, mama akageuka nyuma kuangalia kama wote wameona. Sitakudanganyeni, nilijisikia raha.

Raha ile haikufika nusu saa. Nilikuwa nimesimama nikaona uzi ule mwekundu unajitokeza, na jasho likanitoka mgongoni. Nikajiambia hawatauona, ni uzi tu. Lakini kioo kilikuwa kinapata joto, na uzi ukanenepa ukawa kamba, na kwa bahati yangu mbaya kwenye ramani ya Godlove barabara zote zilichorwa kwa rangi nyekundu.

"Baba," Bi Kidawa akanyoosha mkono, "hiyo nyekundu iliyopita juu ya paa langu ni nini?"

Godlove akageuka, akaangalia skrini, akaangalia laptopu yake, akaangalia skrini tena. "Mama, huku kwangu haipo."

Alisema kweli, maskini, na kwa fundi neno lile lingetosha: laptopu safi, skrini ina mstari, basi mbaya ni skrini. Lakini kwa watu waliokuwepo pale lilikuwa neno baya kuliko yote. Bwana mmoja aitwaye Kondo, mwenye sauti ya kuuzia samaki, akasimama. "Kwako haipo, kwetu ipo? Kwa hiyo mna ramani mbili? Ya kwenu na ya kutudanganyia?"

Kelele zikaanza. Tetesi za barabara mpya zilikuwepo siku nyingi, kila mtu alikuwa na shemeji aliyesikia kitu, na sasa barabara yenyewe ilikuwa hapo mbele yao, nyekundu, imenyooka. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Nilijua. Mtu pekee aliyejua mle ndani alikuwa mimi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ni waya huo, subirini nibadilishe."

(Waya ulikuwa mzima kama siku ulipotengenezwa.)

Nikabadilisha, na katika kuinama nikaigusa fremu, mstari ukapotea. Watu wakashusha pumzi. Mzee Shomari akasema, "Mnaona? Ilikuwa waya. Kaeni." Nikajifuta jasho, nikakaa, na kabla sijaegemea kiti ukarudi, safari hii mistari mitatu, mnene katikati na miwili myembamba kando.

"Sasa imeongezwa na mitaro!" Kondo akapiga kelele.

Nikaona niwaonyeshe kwamba ule mstari si wa ramani. Akilini mwangu hesabu ilikuwa rahisi: nikiisogeza ramani, mstari utabaki pale pale, na wote wataelewa kwamba ni kioo. Nikaivuta ramani upande. Mstari ukabaki pale pale kweli. Ila nyumba ndizo zilizohama, kwa hiyo Bi Kidawa akapona na barabara ikatua katikati ya nyumba ya mwenyekiti.

Mzee Shomari, ambaye muda wote ndiye aliyekuwa anawatuliza wenzake, akasimama wima. "Wewe binti! Unahamisha barabara unaipeleka kwangu?"

Nikashtuka, nikairudisha kwa haraka, nikazidisha, ikapita juu ya msikiti. Mle ndani sasa hakukuwa na mkutano. Watu walikuwa wamesimama juu ya madawati, mmoja anasema mimi nimehongwa, mwingine anauliza nimehongwa na nani, Godlove amekumbatia laptopu yake kama mtoto mchanga, na mimi naivuta ramani huku na huku natafuta mahali pasipo na nyumba ya mtu. Ikarudi kwa Bi Kidawa. Nikamsikia anasema taratibu, "Nyumba ya marehemu hii," kisha akaegemea bega la mama yangu, kisha akateleza mpaka chini.

Wanawake wakamzunguka, wanampepea kwa kanga, mtu anaita maji. Nilidhani nimemuua. Nasema hivyo bila kutia chumvi, nilisimama pale nikijiona nimemuua mtu kwa kipande cha sponji.

Nikachomoa waya wa picha kabisa. Ramani ikatoweka, kikabaki kioo cha buluu kitupu, na mistari mitatu imekaa pale pale, haikutikisika.

"Tazameni!" nikapiga kelele, sauti yenyewe si yangu. "Hakuna ramani hapa, hakuna kompyuta! Hakuna barabara! Ni kioo kibovu, na jana niliuona huu mstari nikauficha!"

Mama hakuniangalia; alikuwa amepiga magoti ameshika kichwa cha Bi Kidawa, akajifunika uso kwa upindo wa kanga yake mpya. Godlove peke yake ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo, "Dada, si uliniambia iko safi?"

Bi Kidawa akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa zahanati, nami nikakimbia nyuma yake kwa miguu, nimeiacha skrini na kila kitu. Nilikaa nje kwenye benchi nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, nyingine nikizikosea, mpaka muuguzi alipotoka. "Presha ilipanda. Amezinduka, anauliza kama mbuzi wake wamefungwa." Nikalia kama mtoto. Ramani ililetwa wiki iliyofuata imechapwa kwenye karatasi, watu wakatia sahihi bila kelele, na mimi sikuitwa.

Siku ya tatu baada ya mkutano mama akanipeleka kwa Bi Kidawa kuomba radhi. Nikamkuta barazani anapeta mchele, nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi." Akaendelea kupeta. Nilihesabu ungo ukiruka mara nyingi kabla hajasema marahaba.

Nikaanza kumweleza habari za utepe, na joto, na kioo, naeleza na kueleza, akanikatiza.

"Mjukuu wangu, mimi vitu kuchakaa navijua. Hata macho yangu yana ukungu wake. Ungesema tu asubuhi ile, 'Jamani, kioo changu kina mstari, msiujali,' ningeutazama siku nzima na maji yangu nanywa. Mstari haukuniangusha mimi. Nilipouliza ni nini, nilikuangalia wewe, kwa sababu wewe ndiye mtoto wangu mle ndani, nikaona uso wako umebadilika na husemi. Nikajua basi, ni kweli."

Nikauchukua ungo mikononi mwake, nikamalizia kupeta mchele ule.

Vioo naendelea kutengeneza, na vya mistari bado vinaletwa, lakini nimeapa. Nikimrudishia mtu skrini naiwasha mbele yake, naweka ukurasa mweupe, na kama kuna uzi hata wa unywele namshika mkono namwonyesha kwa kidole changu: huu hapa, nimeuona, umo ndani ya kioo. Wengine hukasirika, wengine huondoka na skrini zao kwenda kwa fundi mwingine. Nawaacha waende.